Barua kwa mwanangu: njoo tufuturu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Ngamiani hatujambo. Babu yako anakusalimu, kila jioni anauliza utakuja lini. Nimekuandikia badala ya kukupigia kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na nataka uyasome taratibu ukiwa peke yako.

Mwaka jana ulisema Ramadhani utafungia hukohuko Dodoma, mitihani imekubana. Nilikuitikia, lakini moyoni nilijua si mitihani. Ni mkeka wa futari.

Ulikuwa na miaka 11. Tumekaa ukumbini, wageni wawili wapo, sinia la magimbi na mihogo ya nazi katikati, babu yako ameshika kikombe chake cha uji wa pilipili manga. Anavuta, anameza, anashusha pumzi. Nikakuona umekunja ngumi mapajani, shingo imekaza, machozi yanakulenga. Alipovuta mara ya tatu ukapiga kelele, "Babu, acha!" Nikakuzaba kofi mbele ya wageni, nikakwambia huna adabu. Ukachukua sahani yako ukaenda jikoni, na kuanzia siku ile ukawa mtoto wa kula jikoni.

Kofi lile nakuomba radhi, mwanangu. Nimekaa nalo miaka kumi.

Mimi ni muuguzi, nilipaswa kukuelewa kabla ya mtu yeyote. Nilikupeleka ukapimwa masikio, ukaambiwa ni mazima, nami nikayashika majibu yale kama ushahidi kwamba unajitia. Tukakupeleka na kwa shehe ukasomewa. Kilichonipoteza zaidi ni yule jirani fundi wa mageti. Grenda yake inalia mchana kutwa, nawe unalala usingizi wa pono. Wapiga daku wanapita usiku na madebe yao, huamki. Nikajiuliza, mtoto asiyesumbuliwa na grenda atasumbuliwaje na funda la uji?

Uliponiambia jina la hali yako, misofonia, nikaanza kusoma. Kumbe grenda si hoja kabisa. Wapo watu ambao sauti yoyote kubwa inawaumiza masikio, lakini wewe si wa kundi hilo. Kwako ukubwa wa sauti si kitu, kinachokuchoma ni sauti yenyewe ni ya nini na inatoka kwa nani: kutafuna, kumeza, kuvuta makamasi, kalamu inayobofywabofywa. Wengi huanza utotoni au wanapobalehe, kama wewe, na mara nyingi sauti inayouma kuliko zote ni ya mtu wa nyumba yao. Hapo nilifunga simu nikakaa kimya. Miaka yote ile nilidhani unamchukia babu yako.

Jina lenyewe halina umri mkubwa, lilianza kutumika mwaka 2001, likitoka kwa Margaret na Pawel Jastreboff, watafiti wa Marekani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, waliwaweka watu wa aina yako kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakawasikilizisha mvua, kilio cha mtoto, na watu wanaotafuna. Kwenye mvua hawakuwa na tofauti na wengine. Hata kilio cha mtoto, kinachokera kila mtu, hakikuwatofautisha. Zilipokuja sauti za kutafuna na kupumua, mapigo ya moyo yakapanda, na ile sehemu ya ubongo inayoamua kipi tukizingatie ikawaka kupita kiasi. Mwaka 2021 wakaonyesha tena kwamba kwa watu hawa sehemu ya kusikia imeungana kwa nguvu zaidi na sehemu inayoendesha midomo na taya. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Mama, nahisi kama anatafunia ndani ya kichwa changu." Nilikujibu uache maneno ya ajabu.

Dawa ya kunywa na kupona haipo, sitakudanganya. Kinachowasaidia baadhi ya watu ni tiba ya mazungumzo, ya kujifunza kuuongoza mwili pale hasira inapolipuka. Huyo mshauri wa chuoni kwenu usimwache.

Sasa nikueleze nyumba, maana sikukaa bure.

Unajua nyumba zetu hizi, kuta za vyumba zinaishia juu ya mlango, halafu ni uwazi mtupu mpaka kwenye mabati. Mtu akikohoa chumba cha mbele anasikika cha nyuma, sauti inapanda na kushukia kwako. Ukifunga mlango hujafunga kitu. Nilimwita fundi, akakupigia dari chumba kizima na kuziba ule uwazi wote. Chini ya mlango nimeweka kitenge kilichokunjwa kirefu. Siku ya kwanza nililala humo mwenyewe nijaribu. Kikohozi cha babu nilikisikia kwa mbali, lakini maneno sikuyapata tena. Saa ya ukutani nimeihamishia ukumbini. Bomba la uani limebadilishwa washa, halidondoki. Friji lilikuwa linatetemeka kwa sababu mguu mmoja ulikuwa unaelea, nimeliwekea kipande cha ubao.

Na babu. Nilimweleza yote, pole pole, nikiogopa atavunjika moyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mjukuu wangu alikuwa anaumwa, na mimi ndiye niliyekuwa namtonesha." Tangu hapo tumekuwa tukichunguza kikombe chake pamoja. Anavuta kwa sauti kwa sababu uji ni wa moto, lazima auchanganye na hewa usimuunguze. Ukipozwa kwenye bakuli dakika kumi anakunywa kimya, au karibu na kimya. Siku hizi uji wake ndio unaotangulia kuepuliwa. Sisemi hutamsikia kabisa, meno yake unayajua yalivyobaki.

Mkekani utakaa ubavuni kwake, msitazamane. Wengi wenye hali yako husema kuliona taya likitembea kunaumiza karibu sawa na kulisikia. Feni itakuwa inazunguka, redio itasoma Kurani kwa sauti ya chini, sauti za mdomo zipate kitu cha kujifichia. Mvumo wa namna hiyo ni bora kuliko vile viziba masikio unavyovaa kutwa. Hilo nakwambia kama muuguzi: sikio likikaa kwenye ukimya muda mrefu, ubongo huongeza usikivu wake, ukivitoa kila kitu kinakuwa kikali zaidi. Vivae pale palipokushinda, kisha vivue.

Ikikuzidi, inuka. Huna haja ya kueleza wala kuaga, sema tu, "Naenda kuangalia taa ya uani," na mkeka mzima utajua. Dada yako anajua, wadogo zako nimewaambia, na wameonywa wasije wakakutafunia makusudi kama walivyokuwa wakifanya. Tembea uani, nawa uso, rudi ukiwa tayari. Hata usiporudi, sahani yako itafunikwa, na hakuna atakayeuliza mbele ya wageni.

Kula jikoni si kosa, mwanangu. Siku nyingine utakula jikoni na nitakuja kukaa nawe, mimi nimeshafuturu, tupige soga tu. Lakini nataka uchague wewe, usikimbilie huko kwa kuogopa mkono wangu.

Babu amenunua tende mapema, zile laini unazozipenda. Amesema tende hazina kelele. Kaziweka chumbani kwake, hataki mtu aziguse.

Basi likikaribia Segera nipigie, nianze safari ya kuja stendi ya Kange. Nitakuwa pale kabla hujashuka.

Mama yako