Kabla ya kununua kaiti ya mtumba

Wanakikundi, habari za jioni. Naona matangazo ya kaiti, yale matiara makubwa ya kumvuta mtu juu ya ubao majini, yamemiminika humu, na wengine mnataka kutuma hela kwa kuona picha tu. Hebu tulieni kidogo.

Kitambaa ndicho roho ya kaiti. Kikunjekunje karibu na ukingo wa nyuma: kizima kinakwaruza kama karatasi mpya, kilicholiwa na jua ni laini na kimya. Hicho hakirudi, hata ukipunguziwa bei vipi. Kiraka kidogo kilichobandikwa vizuri sikihofii.

Halafu ijaze kaiti upepo kwenye mirija yake hadi iwe ngumu, uiache usiku kucha. Ikilegea kuna mahali panavuja, mara nyingi ni vali, mdomo wa kujazia upepo, iliyobanduka gundi. Inatengenezeka, ila gharama itoke kwenye bei ya muuzaji.

Baa, ile fimbo ya kuongozea kaiti: funga kamba zake zote nne kwenye ndoano moja, vuta. Baa ikikaa upande, kamba zimepishana urefu. Kisha fyatua mara kadhaa kifaa cha dharura, kile cha kukuachanisha na kaiti. Kikigoma hata mara moja, usiingie nacho majini.

Bei? Kwa kaiti ya misimu miwili iliyotunzwa, mimi huanzia nusu ya bei ya dukani, nashuka kwa kila kasoro. Za kabla ya 2005, ambazo hazipunguzi nguvu vizuri upepo ukizidi, hata za bure msichukue.

Wauzaji, wekeni mwaka, ukubwa kwa mita za mraba na picha za karibu za vali. Tangazo pungufu nalifuta.