Ukigusa kete, icheze

Mhariri, naomba kanafasi. Mimi nauza vitenge Kariakoo na pia Instagram, jioni nacheza chesi na vijana wa mtaani. Kwenye chesi ukishagusa kete yako lazima uicheze, hakuna cha samahani. Mtandaoni ni hivyo hivyo jamani, mwezi jana mteja kalalamika kitenge kimechuja rangi, nikamjibu kwa hasira saa sita usiku, nikafuta baada ya dakika mbili lakini wapi, skrinishoti ilishazunguka kwenye magrupu na asubuhi oda tatu zikakatwa.

Kinachoniuma zaidi ni huku kushusha bei kiholela. Ni kama mwaka 1972 kule Reykjavik, Iceland, kwenye pambano la ubingwa wa dunia wa chesi, Mmarekani Bobby Fischer alikula kikete cha bure cha bingwa Boris Spassky kwenye gemu ya kwanza, kete ya Fischer iliyokula, ile inayoitwa askofu, ikanaswa na gemu akapoteza, ingawa mwishoni ubingwa aliuchukua Fischer. Na sisi tunanaswa hivyo hivyo na cha bure, kisa jirani kashusha bei tunashusha mpaka chini ya mtaji, laiki zinamiminika ila hela ya kufuata mzigo mwingine hakuna.

Mhariri, tuwekeeni basi hata fumbo moja la chesi kila Jumamosi, pale karibu na ukurasa wa biashara.

Muuza vitenge, Kariakoo