Mhariri, eksirei kuwa safi haina maana mfupa hauna kitu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Hizi habari za akili mnemba kusoma picha za hospitali na kutambua uvimbe nazifuatilia sana na kwa kweli zinanipa moyo, ila kuna jambo naona halisemwi kabisa.

Kijana wangu ana miaka 14, alianza kulalamika mguu, juu kidogo ya goti, mchana anacheza vizuri tu ila ikifika saa nane usiku namsikia anajigeuza kitandani kashika paja. Tukaenda hospitali akapigwa eksirei, ripoti ikasema mfupa uko safi, tukapewa dawa za maumivu tukarudi nyumbani. Wiki saba zikapita hivo hivo. Mguu ulipoanza kuvimba ndo akafanyiwa emuarai (MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku), uvimbe ukaonekana umeshaingia kwenye uboho, ule ute laini wa ndani ya mfupa, wakachukua kinyama kupima na majibu yakaja kwamba ni saratani ya mfupa.

Nilikasirika mno. Baadae daktari wa mionzi alitukalisha akafungua picha zote mbili kwenye kompyuta akatuelewesha, kumbe eksirei inaonyesha zaidi madini ya mfupa na inaweza kuchukua mpaka yapungue kama asilimia 30 hadi 50 pale palipoliwa ndo doa lionekane vizuri, kabla ya hapo picha inaweza kutoka nzuri tu. Emuarai yenyewe inafuata maji na mafuta yaliyomo ndani ya uboho kwahiyo inawahi kuona. Alafu akagusa kwa ncha ya kalamu pembeni ya mfupa kwenye ile eksirei ya kwanza, pana kistari chembamba kama uzi, akasema hapo utando unaofunika mfupa umeanza kuinuka. Ukishaonyeshwa unakiona, kabla ya hapo huoni kitu.

Sasa hicho kistari ndo nachokisemea mimi. Programu ya akili mnemba ikifundishwa kwa picha ambazo uvimbe umeshakuwa mkubwa, hata mimi mzazi ningeuona, imemsaidia nani? Naomba watafiti warudi kwenye makabati na kompyuta za hospitali wazitafute zile eksirei zilizoandikwa safi za wagonjwa ambao baadae kinyama kilionyesha saratani, wafundishie hizo na wapimie hizo, pamoja na za maambukizi ya mfupa manake nasikia nayo yanafanana sana na uvimbe. Najua saratani za mfupa ni chache na hospitali moja haiwezi kupata picha za kutosha, basi wachangiane, majina ya wagonjwa yakishaondolewa.

Na nyie waandishi mkiandika kwamba programu fulani imepatia kwa asilimia kadhaa, tafadhali waulizeni ilipimwa kwa picha zipi.

Ile eksirei ya kwanza ya kijana wangu bado ninayo, kabla mguu haujavimba. Mtafiti atakayeihitaji nitampa.

Mzazi