Mwanangu, Ule Haukuwa Uchafu

Mwanangu mpenzi,

Bibi yako amepokea shikamoo yako, anakwambia marahaba, na uache kulala na nywele mbichi.

Uliponipigia simu Jumapili ulisema mmeanza somo la damu, na mwalimu amewaambia seli nyeupe humeza vijidudu. Ni kweli, lakini si yote. Nami nina deni kwako la miaka saba.

Unaukumbuka mwiba uliokuchoma kule Mkomani? Ulikuwa na miaka tisa. Siku ya tatu unyayo ulifura, ukawa wa moto, kisha ukatumbuka. Uliutazama usaha kwenye pamba, ukaniuliza, "Mama, damu ni nyekundu, hiki kijani kimetoka wapi?" Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku maabara, macho mazito. Nikakujibu, "Ni uchafu, wacha utoke." Jibu nililijua, nikakupa la mkato.

Haukuwa uchafu. Zilikuwa maiti za neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko zote katika damu yako. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kama bilioni 100 kila siku, na maisha yao ni mafupi mno. Kila moja hubeba vijifuko vilivyosheheni silaha: vimeng'enya vya kutafuna ngozi ya bakteria, protini za kuitoboa, na nyingine inayowanyang'anya bakteria madini ya chuma wasipate kuzaana.

Silaha hizo hazitumiki ovyo. Mwiba ulipoingia, seli zilizoumia na bakteria waliobebwa nao vilitoa harufu, kama ningeweza kuiita hivyo, na kuta za mishipa jirani zikawa na unato. Neutrofili zilizokuwa zikipita na damu zikanasa, zikajipenyeza nje, zikaifuata harufu hadi penye mwiba. Hapo ndipo zilipoamka kwelikweli. Zikawameza bakteria, na vijifuko vikamwagwa juu yao mle mle tumboni mwa seli. Vingine vikamwagwa nje.

Ukijani ule ni wa kimeng'enya kimoja kiitwacho mieloperoksidesi. Kina chuma ndani yake, kama ilivyo na chuma hemoglobini inayoipa damu wekundu. Kwa hiyo ulichouliza kilikuwa na maana kuliko nilivyokupa heshima siku ile. Kazi yake ni kutengeneza asidi ya haipoklorasi, ile ile inayotokea tunapotia klorini kwenye maji ya kisima. Mwili wako ulikuwa ukiwaua bakteria kwa dawa tunayoijua sote.

Lakini dawa hiyo haichagui. Ikimwagika nje huunguza na nyama yako mwenyewe, na sehemu ya yale maumivu uliyolilia usiku kucha ilitokana na hao walinzi wako. Pumu ya dada yako nayo ni ya ukoo huo: seli nyingine, seli masti, humwaga kemikali iitwayo histamini kwenye njia za hewa kwa sababu ya vumbi tu, kana kwamba adui amevamia. Hilo linanisikitisha kila ninapomsikia akikoroma kifua.

Mwaka 2004 watafiti wa Berlin walieleza jambo lililonifanya nimkumbuke babu yako na jarife lake la kuvulia samaki. Neutrofili ikizidiwa, huweza kuufungua uzi wa DNA wake na kuutupa nje kama wavu, umepakwa silaha zile zile, bakteria wakanasia humo. Mara nyingi seli yenyewe hufa kwa kuutupa.

Na ajabu ni kwamba habari hii ilianza kwa mwiba. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mwanasayansi Elie Metchnikoff aliwachoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miba ya waridi, kwa kuwa miili yao ni angavu, akakosa usingizi kwa shauku. Asubuhi akakuta seli zimeizunguka miba. Viti vya pweza, mwanangu, vile vile ulivyokuwa ukiviokota maji yakikupwa!

Kovu lingali chini ya kidole gumba? Ukija likizo nitaomba ruhusa kazini, nikupake tone la damu yako kwenye kioo na kulitia rangi. Utakapoona seli yenye kiini cha vipande vitatu, vinne au vitano vilivyoungana kwa uzi mwembamba, ndiyo hiyo.

Mama yako