KPR wetu anachaguliwa na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee hii maneno ya NPR, yaani polisi wa akiba, sisi huku bado tunawaita KPR kwa jina la zamani, wale raia wanapewa bunduki ya serikali walinde kijiji. Majuzi chifu aliita baraza huku kwetu Baringo Kusini akasema kuna nafasi chache, wanaotaka wasimame mbele wananchi wawaone. Wakasimama tisa. Wawili kati yao kila mtu pale anajua usiku huwa wanaenda wapi na zile ng'ombe wanachunga zilitoka upande gani. Chifu akauliza kama kuna mtu ana neno. Kimya. Mama mmoja akajifanya anafunga mtoto vizuri mgongoni, wazee wakaangalia fimbo zao, na mimi pia nikanyamaza, sitadanganya, kwa sababu yule kijana anajua njia ya kwangu hata kukiwa na giza.

Sheria ya polisi ya 2011 inataka polisi wa akiba awe Mkenya, awe amefika miaka 18, na awe ni wa kujitolea. Sawa, lakini kitambulisho hata mwizi wa ng'ombe ako nacho. Ile kazi yenyewe ya kumchuja mtu ndio imeachiwa baraza, na baraza huku kwetu haiwezi kusema ukweli mbele ya watu.

Mjomba wangu alikuwa KPR miaka mingi, alipewa Mark 4, ile ndefu ya zamani unakoki kila ukipiga. Risasi zake alikuwa anaweka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, amezifunga na nailoni unyevu usiingie, na kila mwisho wa mwezi anatembea nazo mpaka kituoni zihesabiwe moja moja. Siku moja fisi aliingia kwa mbuzi akapiga moja hewani, weh, ilibidi aandike statementi na bado akaitwa mara mbili aeleze huyo fisi. Tulikuwa tunamcheka. Halafu 2019, Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, bunduki za KPR zikakusanywa ati zingine zinatumika vibaya, mzee akapeleka yake siku ya kwanza, na wale wenye zao za magendo wakabaki nazo porini wakitusubiri. 2023 operesheni ya kupambana na wezi wa mifugo ikaanza, kaunti sita zikatangazwa ni hatari na sisi tukiwemo, na KPR wakaanza kuandikwa tena kwa wingi. Hawa wapya sijaona hata mmoja akihesabiwa risasi.

Sisemi KPR ni watu wabaya, jameni. Novemba 2012 kule bonde la Suguta karibu na Baragoi polisi zaidi ya 40 waliuawa na KPR walikuwa kati yao, hao walikufa kwa ajili ya mifugo ya wenzao. Lakini mtu wa kujitolea naye anakula nini? Nimeona na macho yangu KPR analinda mashine za kontrakta wa barabara mchana kutwa kwa mia tano, na jioni hiyo hiyo mbuzi za jirani zikaenda, na bunduki iko huko inalinda grader. Na simlaumu sana, watoto wake wako shule. Mlipeni alawansi inayoeleweka na iandikwe kabisa kwamba hiyo silaha haikodishwi.

Kwa hayo mambo ya kuchagua, majina yabandikwe kwa mlango wa chifu wiki mbili, na mwenye neno amwambie mtu ambaye si wa lokesheni yetu, si chifu wala si mheshimiwa, kwa siri. Halafu kabla bunduki itoke kituoni ipigwe risasi moja na ganda lake liwekwe la kulinganisha, ndio tukiokota ganda njiani asubuhi baada ya uvamizi ijulikane kama lilitoka kwa bunduki ya serikali.

Yale majina tisa nasikia bado yako kwa chifu, hayajapelekwa mbele. Kama kuna mkubwa anasoma hii, atume mtu asiyejulikana huku, akae pale hotelini kwa stage anywe chai yake, aulize mmoja mmoja. Mimi nitaongea.

Msomaji,
Baringo Kusini