Mwanangu, ile sauti iliyopasuka

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mvua zimeanza na bati la jikoni limeshazibwa. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema mlipomaliza kurekodi ule wimbo wa kumlilia bibi yako, fundi mitambo alikuchezea sauti yako peke yake bila vyombo, ukasikia ilivyopasuka pale ulipolitaja jina lake, ukaona aibu. Mkarudia mara nne mpaka ikatoka laini. Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu ningelia, nawe ungedhani nakulaumu.

Unaikumbuka ile santuri yenye picha ya keki kwenye jalada, aliyoileta mjomba wako enzi zake za ubaharia? Mlipokuwa wadogo niliiweka juu ya kabati, mkaamini naogopa isivunjike. Kumbe mle ndani kuna maneno ambayo sikutaka mniulize maana yake. Ni albamu ya The Rolling Stones, bendi ya Uingereza, ya mwaka 1969, Let It Bleed, na wimbo unaoifungua unaitwa Gimme Shelter, yaani nipeni mahali pa kujihifadhi. Siku hizi unaupata kwenye simu. Tafuta hedfoni nzuri, zima taa, uusikilize mara moja kabla hujaendelea kusoma.

Umeshausikiliza? Haya.

Angalia unavyoanza. Gita peke yake, tena si kwa kishindo. Sauti yake inatetemeka kama taa ya kibatari mlango ukiachwa wazi. Mpiga gita wao, Keith Richards, anashuka kodi tatu, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, ngazi kwa ngazi, anarudi juu, anashuka tena. Baadaye alieleza kwamba alikuwa amekaa kwenye nyumba ya rafiki yake London, tufani ikapiga, akawa anawatazama watu barabarani wakikimbia kutafuta pa kujibanza. Basi gita lile ni dirisha. Kisha inaingia güiro, kibuyu chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti. Aliyekikwaruza ni mtayarishaji wao, Jimmy Miller. Juu yake zinakuja sauti nyembamba zisizo na neno, oo, oo, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Halafu Charlie Watts anaingia na ngoma, na kinanda cha Nicky Hopkins kinajipenyeza chini yake. Karibu dakika nzima inapita bila mtu kusema chochote. Wewe mwenyewe unajua ilivyo shida kumzuia mwimbaji asubiri. Pale wamesubiri, na hofu imeshaingia chumbani kabla ya neno la kwanza.

Maneno ni machache. Mwimbaji wao, Mick Jagger, anaimba kuhusu tufani inayotishia maisha yake, moto unaopita mtaani kwetu, fahali mwenye wazimu aliyepotea njia, mafuriko. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea na picha zake zinaingia majumbani kila jioni. Jagger mwenyewe alisema baadaye kwamba ni wimbo wa mwisho wa dunia. Kiitikio kinasema vita, enyi watoto, viko umbali wa risasi moja tu. Nakuomba uutazame msemo huo. Wengine wangesema vita vinakuja, au vita ni vibaya. Huu unapima umbali, na kipimo chenyewe ni risasi. Unasikia jinsi pengo lilivyo dogo.

Lakini sauti ya Jagger, na hili ni langu mimi, haitoshi kuubeba wimbo huo. Imezama katikati ya magita, maneno mengine humezwa. Kama wangemwachia peke yake, ungekuwa wimbo mzuri wa kucheza, basi.

Sasa nifike kwenye kilichonikalisha chini kukuandikia.

Walianza kuurekodi London mapema mwaka ule, wakaenda kuumalizia Los Angeles. Huko wakaona panahitajika sauti ya mwanamke. Ilikuwa inakaribia saa sita za usiku. Jack Nitzsche, mpangaji wa muziki, akampigia simu Merry Clayton. Huyu alikuwa binti wa mchungaji wa Kibatisti kutoka New Orleans, aliyezaliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1948, na jina lake limetokana na sikukuu hiyo. Kanisani ndiko alikojifunzia kuimba. Alikuwa ameshaitikia nyuma ya mwimbaji Ray Charles. Yaani usiku ule hajatimiza hata miaka 21, umri wako ule ule, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kwako: mwitikiaji. Tena alikuwa mjamzito na ameshalala. Mumewe ndiye aliyemhimiza aende. Akatoka na pajama za hariri, rola kichwani, akajitupia koti la manyoya juu yake.

Alipopewa maneno akashtuka. Ubakaji, mauaji, viko umbali wa risasi moja tu. Akauliza kama kweli ndicho wanachotaka aimbe. Wakamweleza kisa cha wimbo, akakubali, akaimba. Wakamwomba arudie. Hapo ndipo alipoamua kupanda juu kabisa, hadi kule ambako mtu mwenye busara hapeleki koo lake usiku wa manane.

Rudisha wimbo mpaka karibu na dakika ya 3. Gita na harmonika vimeshapita, na yeye yuko mbele sasa, si nyuma ya mtu. Mstari ni ule ule, anaurudia, na kila akirudi anakuja na nguvu zaidi. Kwanza sauti inakwaruka kwenye neno la risasi. Halafu, kwenye neno la mauaji, inapasuka kabisa. Kwa nukta ya sekunde noti inatoweka, unasikia koo tupu. Sikiliza kwa makini zaidi: nyuma yake kuna mtu anapiga ukelele. Ni Jagger, kashindwa kujizuia, na kipaza sauti kimemnasa. Hakupangiwa. Wanamuziki wale walikuwa na uwezo wote wa kumrudisha Merry Clayton aimbe tena, na wa kuuficha ukelele ule. Waliviacha vyote viwili.

Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya miaka 22, mwanangu, nami nilifundishwa kama ulivyofundishwa: sauti ikipasuka ni kosa. Na mara nyingi ni kosa kweli. Hujapumua vizuri, hujapasha koo, umeimba juu ya uwezo wako ili watu wakuone. Ile ya Merry ni nyingine. Neno alilokuwa nalo mdomoni lilikuwa zito kuliko noti iliyopewa kulibeba. Noti ingebaki nzima pale, neno lingekuwa la uongo. Hebu jaribu kuliimba neno mauaji kwa sauti laini, iliyonyooka, uone litakavyokuwa.

Na bado hawakumaliza. Mwishoni maneno yanageuka: mapenzi, dada, yako umbali wa busu moja tu. Kipimo ni kile kile, risasi imeondoka, busu limekaa mahali pake. Ningekuwa mimi mtunzi, hapo ningebadilisha muziki uwe mtamu, kodi zifunguke, watu wapumue. Wao hawakubadilisha kitu. Kodi ni zile zile za tufani, ngoma ni ile ile, na wimbo unafifia taratibu bila kufika popote. Basi hujui kama busu limeshinda. Kila nikiusikiliza nashika ukingo wa kiti hapo.

Lazima nikwambie na upande mwingine, sitaki upende sauti ile bila kujua. Muda mfupi baada ya usiku ule Merry Clayton alipoteza ujauzito. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kuimba vile. Siwezi kulisema hilo. Yeye mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba kilikuwa kipindi cha giza kwake, na kwamba Mungu alimpa nguvu za kukivuka hata akaweza kuuimba tena. Na kwenye jalada la santuri waliliandika jina lake Mary badala ya Merry. Mtu ametoa sauti ile, na jina lake limekosewa. Wewe ukimaliza kurekodi, hakikisha jina lako limeandikwa, na limeandikwa sawasawa. Wala usikubali kuitwa usiku wa manane umechoka. Koo lako unalo moja.

Mwaka 1970 alitoa albamu yake, akaiita kwa jina la wimbo huo huo na kuuimba yeye kama mwimbaji mkuu. Mwaka 2013 akaonekana kwenye filamu ya 20 Feet from Stardom, inayohusu waitikiaji, ambayo ilishinda tuzo ya Oscar. Humo sauti yake ya usiku ule inachezwa peke yake, bila vyombo, kama fundi wako alivyokuchezea yako. Mtazame uso anapousimulia usiku ule. Hana aibu hata chembe.

Sasa turudi kwa bibi yako. Sina elimu ya studio, na sitaki nikuingilie kazi yako. Wenzako wakisema ile laini ndiyo inayokaa vizuri na wimbo, nitaipokea na kuicheza hapa nyumbani. Ila ujue mimi ni mtoto wa yule unayemwimba. Tangu tumzike, kila mtu anapolitaja jina lake mbele yangu hulitaja kwa utaratibu, kana kwamba wamekubaliana wasinitonoshe, nami naitika kwa utaratibu vile vile. Wewe ndiye wa kwanza ambaye sauti imemkatikia kwenye jina hilo.

Muulize fundi kama hajakifuta kabisa kile kipande ambacho sauti yako ilipasuka. Mara nyingi hubaki na vipande vya zamani kwenye kompyuta yake. Kama kipo, nitumie hicho kipande tu, hata kama ni sekunde kumi, hata kama hakina gita. Kaka yako atanifungulia kwenye simu akitoka kazini jioni.

Mimi mama yako.