Mpinzani wako si mgonjwa wangu

Mhariri,

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili. Siasa zinapopamba moto naulizwa swali lile lile kila niendako, kwenye sherehe, msibani, hata na wagonjwa wenyewe kabla hawajaketi: "Daktari, yule bwana ni mzima kweli?" Yule bwana huwa ni mwanasiasa ambaye muulizaji hampendi. Sijawahi kuulizwa habari za akili ya kiongozi ambaye muulizaji anampigia kura. Jibu langu ni kwamba sijui, na siwezi kujua, maana hajawahi kukaa mbele yangu. Wengi hudhani nakwepa.

Sikwepi. Taaluma yetu ilishajeruhiwa hapo. Mwaka 1964, jarida la Fact la Marekani liliwatumia dodoso madaktari wa akili zaidi ya 12,000, likiwauliza kama Barry Goldwater, aliyekuwa akigombea urais, alifaa kiakili kushika kazi hiyo. Walijibu 2,417, na kati yao 1,189 wakasema hafai. Wengine hawakuishia kwenye ndiyo au hapana. Walimbandika na majina ya maradhi mtu ambaye hawakuwahi kumpima. Goldwater alishindwa uchaguzi, lakini alilishtaki jarida lile kwa kumchafulia jina na kushinda, akapewa fidia ya dola 75,000. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kikaandika katika maadili yake kwamba daktari asitoe kauli ya kitaalamu juu ya afya ya akili ya mtu ambaye hajampima na ambaye hakumruhusu kusema. Mpaka leo wenyewe wanaiita kanuni ya Goldwater.

Wapo wenzangu wanaoona kanuni hiyo inatufunga mdomo hata penye hatari ya kweli. Nimewasikiliza kwa makini na bado sijashawishika. Siwezi kutaja ugonjwa wa mtu kwa sababu nimetazama hotuba zake. Lazima nimuulize analalaje, anakulaje, anatumia dawa gani, kwao nani aliwahi kuugua, na wanaoishi naye wameona nini kimebadilika. Hotuba haijibu hata moja kati ya hayo.

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaolipia matusi haya bila kuwamo kwenye ugomvi. Mtandaoni siku hizi bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, ni jina la kiongozi anayegeuza kauli, na skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, ni jina la chama chenye makundi mawili. Kijana mmoja niliyekuwa namtibu bipola, na alikuwa akiendelea vizuri, aliacha kuja kliniki. Aliporudi baada ya miezi, hali ikiwa imeshaharibika, aliniambia alikuwa akisoma mabishano ya siasa na kila ukurasa ulimwonyesha kwamba ugonjwa wake ndilo jina baya kuliko yote ambalo watu wanaweza kumpa adui. Akaona heri asiwe nao. Akaacha dawa.

Sasa niseme la usingizi, kwa sababu ndiko mazungumzo yangu mengi ya siasa huishia. Mtu akija akiniambia siasa zinamtia wazimu, swali langu la kwanza ni kwamba jana alilala saa ngapi. Mara nyingi hajapata lepe la usingizi hadi alfajiri, na simu ilikuwa mkononi muda wote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva. Hesabu mwenyewe: aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufika hapo saa tano usiku, saa ambayo mabishano ndiyo kwanza yanachanganya. Utafiti mwingine wa mwaka 2007 ulipiga picha bongo za watu waliokeshwa takriban saa 35. Sehemu iitwayo amigdala, inayotushtua na kutukasirisha, iliwaka kwa asilimia 60 zaidi walipoonyeshwa picha za kuudhi, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuzuia, yalikuwa yamelegea.

Sisemi kila anayetukana hakulala. Wako waliolala fofofo na bado wanatukana. Wala sitaki "hukulala wewe" nalo liwe tusi jipya.

Ila kukosa usingizi kunatibika, na hilo watu hawaambiwi vya kutosha. Ukikosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, hiyo si tabia yako, ni maradhi, na tiba ya kwanza si vidonge. Ni kuamka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kuacha kitanda kiwe cha kulala, na kuinuka ukakae kwingine usingizi unapogoma, mpaka uje wenyewe. Watu hulaumu mwanga wa simu. Mimi, kwa niliyoyaona, nalaumu zaidi ile jazba ya kungoja kujibiwa.

Na mwingine tatizo si simu kabisa. Mzee mmoja aliletwa na mkewe kwa hasira zisizokwisha. Alikuwa hasemi na mdogo wake kwa sababu ya uchaguzi. Mkewe ndiye aliyetaja, kama jambo dogo tu, kwamba mzee hukoroma kisha pumzi hukatika, halafu hushtuka kama anayezama. Alipopimwa na kupewa mashine ya kumpulizia hewa usiku, alianza kulala. Msimamo wake wa siasa haukubadilika hata chembe, na sikuwa na sababu ya kutaka ubadilike. Lakini alimpigia simu mdogo wake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Barua inayomwita mtu mwongo, mwizi au mzembe, ikiwa na ushahidi, ichapishe. Inayomwita mgonjwa wa akili irudishie mwandishi, umuulize alimpima lini.

Daktari wa magonjwa ya akili